Heaviside: Jamaa wa shule ya nusu aliyeona dari la mawimbi

Tuseme wewe na wenzako hapa Eldoret mmepewa nafasi ya kuweka transponda kwenye setilaiti ndogo, ile mashine inayopokea sauti ya mpenzi mmoja wa redio na kumrushia mwingine. Mtachagua bendi gani? Ukikimbilia masafa mafupi ya megahazi 7, umeumia. Mawimbi hayo mara nyingi hugonga tabaka lililo juu yetu na kurudi ardhini. Ndiyo maana redio ya babu ilinasa London, lakini setilaiti yako haitasikia kitu.

Sasa mjue mtu aliyesema dari hilo lipo kabla halijapimwa: Oliver Heaviside.

Alizaliwa London mwaka 1850, kwa familia isiyo na pesa. Homa ya utotoni ilimharibu masikio. Akiwa na miaka 16 akaacha shule, na chuo kikuu hakukanyaga. Alipata kazi ya telegrafu, Denmark kisha Newcastle. Mwaka 1874 akaacha kazi hiyo pia, akarudi kwa wazazi. Hebu fikiria maneno ya majirani.

Kumbe jamaa alikuwa chumbani na kitabu cha James Clerk Maxwell kuhusu umeme na sumaku. Alijifundisha hesabu peke yake, kisha akazifupisha kanuni za Maxwell hadi zile 4 ambazo wanafunzi wa fizikia wanazisoma mpaka leo.

Halafu vita vikaanza. Heaviside alionyesha kwamba ukiongeza koili kwenye laini ndefu ya simu, sauti haiharibiki. William Preece, mkubwa wa mambo ya umeme katika Posta ya Uingereza, alipinga, na mwaka 1887 makala ya Heaviside na kaka yake ikazimwa. Mwaka 1900 Michael Pupin akapata hataza ya koili kama hizo Marekani, akatajirika. Heaviside hakuwa na hataza ya koili hizo.

Mwaka 1901 Marconi alivusha ishara ya redio Atlantiki. Wengi walishangaa: mawimbi yanaendaje sawa huku dunia ni mviringo? Mwaka uliofuata Heaviside aliandika kwamba huenda kuna tabaka juu linalopitisha umeme na kuyaongoza. Arthur Kennelly, huko Marekani, alifikia wazo hilohilo mwaka huohuo.

Uthibitisho ulichelewa. Desemba 1924 Edward Appleton na Miles Barnett walitumia mtambo wa BBC wa Bournemouth, vipindi vikishafungwa usiku, wakapima urefu wa tabaka: kama kilomita 100. Heaviside alifariki Februari 1925, baada ya kuanguka kutoka kwenye ngazi. Alikuwa akiishi peke yake Torquay, mzee mgumu ambaye majirani walimwona kichaa.

Turudi kwa transponda yako. Waliotengeneza AMSAT-OSCAR 7, iliyorushwa Novemba 1974, walicheza na dari hilo vizuri. Kupanda wakachukua megahazi 145.9, ambayo inapenya bila shida. Kushuka wakachukua 29.4, juu kabisa ya masafa mafupi, ambayo mara nyingi nayo inapenya. Betri yake ilikufa mwaka 1981, ikanyamaza miaka 21, kisha mwaka 2002 ikaamka kwa nguvu za jua tu.

Bendi zao zinapenya dari aliloliona mtu ambaye hakuwahi kusoma chuo kikuu.