L. T. C. Rolt

Lionel Thomas Caswall Rolt (Chester, 11 Februari 1910 – Stanley Pontlarge, 9 Mei 1974), aliyejulikana zaidi kama Tom Rolt, alikuwa mhandisi na mwandishi kutoka nchini Uingereza. Anakumbukwa hasa kwa kitabu chake Narrow Boat (1944), kilichoamsha juhudi za kuokoa mifereji ya nchi hiyo iliyokuwa ikiachwa ife.

Maisha

Alisoma Cheltenham, kisha akawa mwanagenzi katika kiwanda cha vichwa vya treni cha Kerr Stuart mjini Stoke-on-Trent, ambako jamaa yake Kyrle Willans alikuwa mhandisi. Kiwanda hicho kilifilisika mwaka 1930. Baadaye Rolt alishiriki kuendesha gereji ya magari ya zamani huko Hampshire.

Willans alikuwa na mashua ya mbao iitwayo Cressy, iliyowahi kubeba mizigo ikivutwa na farasi. Ilikuwa ya aina inayotumika katika mifereji ya Uingereza ya kati: upana wake ni kama mita 2 tu, kwa sababu malango ya maji ya mifereji hiyo ni membamba, lakini urefu unaweza kupita mita 21. Rolt aliinunua, akaifanya nyumba na hata kuiwekea bafu. Mwezi Julai 1939 alimwoa Angela Orred, na mwezi huohuo wakaondoka Banbury. Safari hiyo, iliyoingiliwa na Vita Kuu ya Pili, ndiyo iliyozaa kitabu. Alifanya kazi kwa muda mfupi katika kiwanda cha injini za ndege mjini Crewe. Kuanzia 1941 hadi 1946 Cressy ilitia nanga Tardebigge, karibu na mlolongo wa malango 30 ya maji yanayopandisha mashua mlimani.

Mifereji na barafu

Maji ya mfereji hayaendi kasi, hivyo huganda upesi kuliko ya mto. Aliyeishi mashuani aliweza kukaa na jiko lake la makaa akisubiri. Kwa wachukuzi wa mizigo mambo yalikuwa mengine: walilipwa kwa safari, na barafu ilipofunga njia hawakupata kitu. Hata barafu nyembamba ilikata mbao za mashua kama msumeno. Njia ilifunguliwa kwa mashua maalumu yenye ganda la chuma: farasi kadhaa waliivuta, huku wanaume waliosimama ndani wakishika chuma cha katikati na kuiyumbisha huku na huku ili ipasue barafu.

Wachukuzi hao ndio waliomgusa Rolt kuliko mandhari. Mwaka 1946 yeye na Robert Aickman, pamoja na wenzao, walianzisha chama cha kutetea njia za maji za ndani. Hawakuelewana kwa muda mrefu. Rolt alitaka kwanza ziokolewe njia zilizokuwa bado na biashara, pamoja na watu wake. Aickman alitaka mifereji yote. Mwaka 1951 Rolt alifukuzwa katika chama alichokiasisi. Mwaka huohuo aliiacha Cressy, na ndoa yake ikavunjika. Baadaye alimwoa Sonia Smith, aliyewahi kufanya kazi katika mashua za mizigo wakati wa vita.

Mwaka 1951 pia alikuwa meneja wa reli ya Talyllyn huko Wales, ya kwanza duniani kuokolewa na kuendeshwa na watu wa kujitolea.

Majira ya baridi ya 1962–63 mifereji iliganda kwa wiki nyingi na mizigo ikahamia barabarani. Shirika la serikali lilisimamisha sehemu kubwa ya uchukuzi wake kwa mashua hizo mwaka 1963. Kampuni chache binafsi ziliendelea hadi 1970. Mifereji mingi ilibaki, lakini kwa wasafiri wa starehe.

Rolt aliendelea kuandika akiwa Stanley Pontlarge. Wasifu wake wa Isambard Kingdom Brunel (1957) na wa Thomas Telford (1958) bado unasomwa. Juzuu ya kwanza ya tawasifu yake ilitoka mwaka 1971. Ile inayohusu mifereji ilichapishwa mwaka 1977, baada ya kifo chake.