Al-Kashi na Jaibu ya Digrii Moja



Katika vikao vyetu tunapenda kusema Waislamu ndio walioanzisha aljebra, tunamtaja al-Khwarizmi, kisha tunanyamaza. Mimi ninayesoma masomo ya dini nilitaka kumjua japo mmoja zaidi, na nijue alifanya nini hasa. Nikamchagua Ghiyath al-Din Jamshid al-Kashi.

Alizaliwa Kashan, Iran, yapata mwaka 1380, zama za vita vya Timur, akakulia katika ufukara. Tarehe 2 Juni 1406 alikuwa bado Kashan, akichunguza kupatwa kwa mwezi. Elimu ya nyota haikumlisha mtu asiye na mfadhili, naye alihangaika miaka mingi mpaka akafika Samarkand kwa Ulugh Beg, mjukuu wa Timur, aliyejenga madrasa na kituo cha kuchunguza nyota. Barua alizomwandikia baba yake kutoka huko zipo hadi leo, na ndani yake anajisifu bila haya kwamba alifungua maswali yaliyowashinda wenzake. Mimi namsamehe. Baba alihitaji kusikia.

Kazi iliyonivuta ni hii. Ratiba ya swala iliyobandikwa ukutani msikitini, iwe Tororo au Busia zote mbili, ya Uganda na ya Kenya, inatokana na hesabu za pembe ya jua. Hesabu hizo zinataka jaibu, yaani kile kitufe cha "sin" kwenye kalkuleta. Enzi zile ilisomwa kwenye majedwali, na ili jedwali liwe sahihi ilibidi kuijua jaibu ya digrii 1. Ya digrii 3 ilipatikana kwa jiometri. Ya digrii 1 ilikataa, kwa sababu kugawa pembe mara tatu kunaleta mlinganyo wa kipeo cha tatu, ambao rula na bikari haziuwezi. Omar Khayyam alikuwa ameifungua milinganyo ya aina hiyo kwa kuchora mikunjo inayokatana, lakini mchoro hautoi tarakimu nyingi.

Al-Kashi alianza na kadirio. Gawa jaibu ya digrii 3 kwa 3, unapata 0.0174453. Chukua kipeo cha tatu cha jibu hilo, zidisha kwa 4, ongeza jaibu ya digrii 3, gawa tena kwa 3: 0.0174524. Tarakimu zote saba sasa ni sahihi. Rudia tena, jibu linazidi kukaza. Yeye alihesabu kwa msingi wa 60, akafikia usahihi wa zaidi ya tarakimu 15 za desimali, kwa kalamu tu. Newton aliandika njia yake, iliyo tofauti na ya kasi zaidi, mwaka 1669.

Wapo wenzangu wanaoona hesabu ni ya watu wa uhandisi. Wanaswali kwa ratiba ya nani?

Mwaka 1427 alikamilisha Miftah al-Hisab, kitabu cha hesabu kwa makarani, wajenzi na wafanyabiashara. Alifariki tarehe 22 Juni 1429, palepale kituoni nje ya Samarkand. Majedwali ya Ulugh Beg yalikamilika bila yeye, na katika dibaji yake mfalme alikitaja kifo hicho.