Varaztad Kazanjian: Kibarua wa kiwanda cha nyaya aliyewarudishia askari nyuso zao

MWAKA wa 1895, kijana wa miaka 16 aliwasili Marekani kutoka milki ya Ottoman. Alikuwa Mwarmenia aliyezaliwa Erzincan mwaka wa 1879, na jina lake lilikuwa Varaztad Kazanjian. Enzi hizo Waarmenia walikuwa wakiuawa kwa maelfu chini ya utawala wa Sultani Abdul Hamid wa Pili, na aliyefaulu kuvuka bahari alihesabiwa kuwa ameponea chupuchupu.

Alipofariki mwaka wa 1974 akiwa na umri wa miaka 95, mhamiaji huyo alitambuliwa kuwa miongoni mwa waasisi wa upasuaji wa kisasa wa kinywa, taya na uso.

Safari yake ilianzia katika kiwanda cha kutengenezea nyaya mjini Worcester, jimbo la Massachusetts. Mchana alikuwa kibarua. Wakati wa mapumziko akajiendeleza kimasomo. Mikono yake ilizoea kukunja na kusokota waya, ujuzi ambao hakuna aliyedhani ungekuja kuokoa maisha ya watu. Mwaka wa 1902 alijiunga na shule ya udaktari wa meno ya Chuo Kikuu cha Harvard na kuhitimu mwaka wa 1905. Alibaki hapo kama mwalimu, akijipatia sifa kwa weledi wake wa kuunganisha mataya yaliyovunjika.

Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia ndivyo vilivyomjulisha kwa ulimwengu. Mwaka wa 1915 aliandamana na kikosi cha madaktari wa Harvard kilichokwenda Ufaransa kuwahudumia majeruhi wa jeshi la Uingereza. Muda aliopangiwa ulikuwa miezi mitatu tu. Wenzake waliporejea nyumbani, Waingereza walimwomba asiondoke, naye akakaa hadi mwaka wa 1919.

Vita hivyo vilipiganwa kutoka mahandakini, na mara nyingi askari aliyechungulia alipigwa risasi au kipande cha kombora usoni. Wengi walifikishwa hospitalini Camiers wakiwa hai, lakini bila kidevu, bila pua au bila nusu ya taya. Ilikuwa desturi ya madaktari wengi wa upasuaji kushona ngozi haraka ili kuziba jeraha. Kovu lilipokauka, lilivuta nyama ndani palipokuwa na mfupa, uso ukabonyea, na mgonjwa akashindwa kutafuna na hata kusema.

Kazanjian aliigeuza kazi hiyo. Kwanza alifunga vipande vya taya kwa waya na vyuma ili vikae mahali pake. Pengo la mfupa uliopotea alilijaza kwa umbo la mpira mgumu, ule uliotumiwa kutengenezea meno ya bandia. Baada ya hapo ndipo nyama na ngozi zilipofungwa juu ya umbo hilo. Kwa njia hiyo alihudumia majeruhi zaidi ya 3,000, wengi wakiwa vijana waliokuwa wakiogopa kujitazama katika kioo.

Mwaka huo huo wa 1915, alipokuwa akiunga nyuso za watoto wa watu wengine, Waarmenia wa Erzincan alikozaliwa walifukuzwa makwao na kuchinjwa.

Vita vilipokwisha, Mfalme George wa Tano alimtunuku nishani. Hata hivyo, nishani haikumfanya daktari wa tiba. Kwa sheria na kwa desturi za hospitali, yeye aliendelea kuwa daktari wa meno, na mipaka ya kazi yake ilikuwa mifinyu. Badala ya kulalamika, profesa huyo wa miaka 40 aliketi darasani na vijana, akafuzu udaktari wa tiba katika Harvard mwaka wa 1921. Mwaka uliofuata aliteuliwa kuwa profesa wa upasuaji wa kinywa, na mwaka wa 1941 akawa profesa wa kwanza wa upasuaji wa kurekebisha maumbile chuoni humo.

Si kila jitihada yake ilifua dafu. Mwaka wa 1931 aliombwa kwenda Vienna kumtengenezea Sigmund Freud kaakaa jipya la bandia, kwa kuwa saratani ilikuwa imemla taya. Kazi hiyo ilichukua takriban wiki tatu, lakini nafuu aliyoipata Freud haikudumu.

Mwaka wa 1949, Kazanjian na John Marquis Converse walichapisha kitabu kuhusu tiba ya majeraha ya uso, kilichokuja kuwa mwongozo wa wapasuaji wa vizazi vilivyofuata. Jina la Converse lina uhusiano na eneo letu: Tom Rees, mpasuaji wa New York aliyeshirikiana naye kikazi, alikuwa mmoja wa watatu walioanzisha huduma ya madaktari wa ndege Afrika Mashariki mwaka wa 1957, ambayo leo ni Amref, pamoja na Michael Wood na Archibald McIndoe.

Wahenga walinena kuwa mgeni aje ili mwenyeji apone. Kijana aliyeyakimbia mauaji alipokewa ugenini, akafunzwa, na kwa mikono iliyozoea waya akawaponya wenyeji wake na wengine wengi asiowajua.