Apolo Kivebulaya na kanisa la matete

Wanaovuka mpaka Mpondwe, upande wa Bwera, wanaijua Rwenzori vizuri. Apolo Kivebulaya aliijua kwa miguu, pande zote mbili. Muganda huyo, askari wa zamani aliyebatizwa mwaka 1895, alipewa jina hilo kwa sababu ya koti jekundu lililotoka Ulaya. Mwaka 1896 alifika Mboga akiwa mwalimu wa dini.

Kanisa lilijengwa kwa kilichokuwepo: nguzo za miti zikasimikwa, fito na matete yakafungwa kwa kamba, paa likaezekwa nyasi. Fundi wa mabati wa leo atacheka, lakini paa la nyasi lenye mteremko mkali halivuji, na jua la mchana halipenyi. Adui zake ni moto na mchwa.

Ujenzi huo nusura umwangamize. Mkuki wake ulikuwa umefichwa na nyasi. Mwanamke wa nyumba ya Chifu Tabaro akauangukia, akafa. Apolo alifungwa, akapelekwa Toro kama muuaji. Alipoachiliwa hakukimbilia kwao Buganda. Baadaye alirudi kule kule Mboga, na Tabaro mwenyewe akaja kubatizwa.

Mipaka ilipopangwa upya, Mboga ikaangukia Kongo ya Wabelgiji. Apolo, wakati huo kasisi, hakujali. Akaingia hadi kwa Wambuti msituni. Alifariki Mboga tarehe 30 Mei 1933. Akazikwa huko huko, kichwa kikielekezwa magharibi, kwenye msitu wa Kongo, kinyume cha desturi ya Waganda.