Sakichi Toyoda: mtoto wa seremala aliyefundisha mashini kusimama

Kwenye barabara za Goma, Bukavu, Butembo au Bunia, mtu hatembei muda mrefu bila kukutana na gari ya Toyota. Madereva wanalijua jina hilo, mafundi wa garaji wanalijua, na hata watoto wanalisoma nyuma ya gari. Lakini ni wachache wanaojua kwamba jina hilo limetoka kwenye jina la familia, na kwamba mzee aliyeijenga familia hiyo hakutengeneza gari hata moja. Aliitwa Sakichi Toyoda. Alikuwa mtu wa nyuzi na vitambaa, na alikufa mwaka wa 1930, miaka saba kabla ya kampuni ya magari kuanzishwa.

Aliacha wazo ambalo leo linafundishwa katika viwanda, hospitali na ofisi za dunia nzima: kazi ikianza kuharibika, isimamishwe palepale, chanzo kitafutwe, kitengenezwe, ndipo kazi iendelee. Leo linaonekana ni jambo jepesi, lakini yeye lilimchukua maisha yake yote, na lilimgharimu ndoa yake ya kwanza na kampuni yenye jina lake mwenyewe.

Kijiji cha wafumaji

Sakichi alizaliwa tarehe 14 mwezi wa pili mwaka wa 1867, katika kijiji cha Yamaguchi, ambacho leo ni sehemu ya mji wa Kosai, jimbo la Shizuoka, Japani. Baba yake alikuwa mkulima na seremala. Katika eneo hilo watu walilima pamba, na wamama walifuma vitambaa nyumbani ili kupata feza ya kuongeza kwa ile ya shamba. Mama yake Sakichi alikuwa mmoja wao.

Mwaka mmoja baada ya kuzaliwa kwake, utawala wa zamani wa Japani uliondoka. Vitambaa vya viwanda vya Uingereza viliingia sokoni kwa bei ndogo. Mtu aliyefuma kwa mkono hakuweza kushindana navyo.

Sakichi alijifunza useremala kwa baba yake. Mwaka wa 1885, akiwa na miaka 18, alisikia kwamba serikali imetoa sheria mpya ya kulinda wavumbuzi: anayebuni kitu kipya anapewa hati, na hakuna mwingine anayeruhusiwa kukitengeneza bila kibali chake. Kwa kijana wa kijijini asiye na shule kubwa wala mali, habari hiyo ilikuwa mlango. Aliamua kuwa mvumbuzi, na kazi aliyoichagua ilikuwa ile aliyoiona kila siku nyumbani: kupunguzia wamama mzigo wa kufuma.

Watu wa kijiji hawakumwelewa. Walimwona kijana akifunga mbao na kuzifungua tena, siku baada ya siku, na kazi ya baba yake imelala. Mwaka wa 1890 kulikuwa na maonyesho makubwa ya viwanda huko Tokyo, kwenye bustani ya Ueno. Sakichi alikwenda, akarudi tena na tena, akisimama mbele ya mashini zilezile na kuangalia kila sehemu inavyosogea.

Mwaka huohuo alimaliza mashini yake ya kwanza ya kufuma. Ilikuwa ya mbao na iliendeshwa kwa mkono. Zamani mfumaji alitumia mikono miwili kurusha huku na huku kile kipande cha mbao kinachobeba uzi. Kwa mashini ya Sakichi, mkono mmoja ulitosha. Kazi iliongezeka karibu nusu, na kitambaa kilitoka sawasawa zaidi. Mwaka wa 1891 alipata hati yake ya kwanza ya uvumbuzi.

Hasara na nyumba iliyovunjika

Hati haikumletea utajiri. Mwaka wa 1892 alifungua kiwanda kidogo Tokyo, akitumia mashini zake mwenyewe. Baada ya karibu mwaka mmoja kilifungwa. Alirudi kijijini, akaoa, na mwaka wa 1894 akapata mtoto wa kiume, Kiichiro. Lakini mawazo yake yalikuwa kwenye mashini tu, na mara nyingi hakuwa nyumbani. Mke wake alichoka na maisha hayo, akaondoka, akamwacha mtoto mdogo. Baadaye Sakichi alioa tena.

Mwaka huo wa 1894 alibuni mashini ya kutayarisha nyuzi, nayo ilipata wanunuzi. Kwa faida yake aliweza kuendelea na alichokitafuta: mashini ya kufuma isiyotegemea nguvu za mtu. Aliimaliza mwaka wa 1896, ya mbao na chuma, yenye kuendeshwa kwa nguvu ya mvuke. Ilikuwa ya kwanza ya aina yake kutengenezwa na Mjapani, na bei yake ilikuwa ndogo kuliko zile za kutoka Ulaya.

Uzi ukikatika

Ndani ya mashini hiyo kulikuwa na kitu kidogo ambacho leo ndicho kinakumbukwa zaidi.

Kitambaa kinafumwa kwa nyuzi za aina mbili: mtande, ambazo zimenyooshwa kwa urefu, na mshindio, ambao unapita kati yake kwenda na kurudi. Mshindio ukikatika au ukiisha, mashini ya kawaida haijui. Inaendelea kupiga kelele na kuzunguka, lakini inachotoa ni kitambaa kibovu. Mfanyakazi asipoona haraka, mita nyingi zinapotea. Ndiyo sababu kila mashini ilihitaji mtu wa kuikazia macho saa zote.

Sakichi aliweka kifaa cha kusikia uzi. Mshindio ukikosekana, mashini inasimama yenyewe. Haitoi kitambaa kibovu hata kidogo, na mfanyakazi anapofika anakuta tatizo bado liko mahali lilipotokea. Kampuni kubwa ya biashara ya Mitsui ilivutwa na vitambaa vya mashini hizo kwa sababu vilikuwa vya ubora mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho.

Wajapani baadaye waliliita wazo hilo jidoka. Ni neno la kawaida lenye maana ya kufanya kitu kijiendeshe, lakini Toyota wanaliandika kwa kuongeza alama yenye maana ya mtu. Maana yake ni kwamba mashini isizunguke tu. Iwe na akili kidogo kama ya mtu, ijue kazi nzuri na kazi mbaya.

Kufukuzwa kwenye kampuni yake

Mwaka wa 1907 matajiri walijiunga kuanzisha kampuni kubwa ya kutengeneza mashini za Toyoda. Sakichi alikuwa mvumbuzi, wao walikuwa na feza. Hapo ndipo ugomvi ulianza. Yeye alitaka kila uvumbuzi ujaribiwe kwanza ndani ya kiwanda halisi, kwa muda mrefu, kabla ya kuuzwa. Wenye feza walitaka mauzo. Biashara ilipopungua, walisema anapoteza mali kwa majaribio yasiyoisha. Mwaka wa 1910 alilazimishwa kuacha kazi katika kampuni yenye jina lake.

Alikuwa na miaka 43. Alipanda meli kwenda Marekani, kisha Ulaya. Alitembelea viwanda vya vitambaa, akatazama mashini zilizosifiwa sana, na akaona kwamba nazo zina makosa yake. New York alikutana na Jokichi Takamine, mwanakemia Mjapani aliyefanikiwa huko, ambaye alimtia moyo asiache. Aliporudi mwanzoni mwa 1911, alianzisha kiwanda chake mwenyewe Nagoya, kwa deni, na familia ikaishi palepale kiwandani.

Huko alijifunza somo lingine. Mashini zake mpya zilisimama mara kwa mara, na kosa halikuwa la mashini: nyuzi alizonunua zilikuwa dhaifu. Angeweza kukiondoa kile kifaa cha kusimamisha ili kazi iende mbio. Hakufanya hivyo. Mwaka wa 1914 alianza kusokota nyuzi zake mwenyewe, ili ubora uanze kwenye kitu kinachoingia na usingoje kukaguliwa mwishoni. Vita ya kwanza ya dunia ilipoleta soko kubwa, kiwanda kilikua, na mwaka wa 1918 kikawa kampuni ya kusokota na kufuma.

Mwaka wa 1924, akiwa pamoja na mtoto wake Kiichiro, ambaye sasa alikuwa injinia, alimaliza mashini iliyoitwa Aina G. Iliweza kubadilisha uzi uliokwisha bila kupunguza mwendo, na kusimama yenyewe uzi ukikatika. Safari hii hakuna aliyemzuia: mashini nyingi zilijaribiwa kwanza katika kiwanda cha majaribio huko Kariya. Mfanyakazi mmoja sasa aliweza kusimamia makumi ya mashini, kwa sababu alikwenda tu pale iliposimama.

Tusisahau upande mwingine wa habari hiyo. Viwanda vya vitambaa vya Japani wakati huo viliendeshwa zaidi na wasichana kutoka vijijini, kwa saa nyingi na mshahara mdogo. Mashini yenye kuhitaji mtu mmoja badala ya wengi iliondoa uchovu, lakini pia iliondoa nafasi za kazi.

Mwisho wa mwaka wa 1929, kampuni ya Platt Brothers ya Oldham, Uingereza, ilikubali kununua haki ya mashini hiyo kwa paundi 100,000. Nchi ambayo vitambaa vyake vilivunja soko la wafumaji wa kijiji cha Yamaguchi sasa ililipa ili itumie mashini ya mtoto wa seremala wa kijiji hicho. Sakichi alikufa miezi kumi baadaye, tarehe 30 mwezi wa kumi mwaka wa 1930, akiwa na miaka 63.

Kutoka nyuzi hadi magari

Kiichiro, aliyesafiri Ulaya na Marekani kwa ajili ya mkataba huo, alitazama pia viwanda vya magari. Mwaka wa 1933 alianzisha idara ya magari ndani ya kampuni ya mashini za kufuma. Mwaka wa 1936 jina likabadilishwa kuwa Toyota, na mwaka wa 1937 kampuni ya magari ikaanzishwa. Kijana mmoja aliyeanza kazi mwaka wa 1932 katika kiwanda cha nyuzi cha familia hiyo, Taiichi Ohno, ndiye baadaye alipeleka wazo la uzi uliokatika kwenye magari. Kiwandani mwa Toyota iliwekwa kamba juu ya sehemu za kazi. Mfanyakazi yeyote aliyeona kosa aliivuta, taa iliwaka, kiongozi wake alifika, na kama kosa halikutengenezwa, kazi yote ilisimama.

Pamoja na kamba hiyo kuna desturi ya kuuliza kwa nini mara tano, ambayo Toyota wanasema ilitoka kwa Sakichi. Tuchukue mfano wa kitambaa chenye tundu. Kwa nini? Uzi ulikatika. Kwa nini? Ulikuwa na sehemu nyembamba. Kwa nini? Pamba haikuchanwa vizuri. Kwa nini? Meno ya mashini ya kuchana yamekwisha. Kwa nini? Hakuna aliyepewa kazi ya kuyatazama. Anayeishia kwenye swali la kwanza atamkemea mfumaji. Anayefika la tano atajua kwamba kosa ni la mpangilio wa kazi, na kurekebisha mpangilio ni wajibu wa wakubwa.

Hata wenye wazo hili wanaweza kulisahau. Mwaka wa 2009 na 2010 Toyota ililazimika kurudisha gari mamilioni kwa sababu za usalama, na kiongozi wake Akio Toyoda, kitukuu cha Sakichi, aliitwa mbele ya Bunge la Marekani. Yeye mwenyewe alikiri kwamba kampuni ilikua haraka kuliko uwezo wake wa kufundisha watu.

Kwetu, wazee wa Kalemie wanaokumbuka kiwanda cha nyuzi na vitambaa cha Filtisaf wanajua kelele za mashini za kufuma na hasara ya kitambaa kilichoharibika. Lakini somo hili halihitaji kiwanda kikubwa. Linamhusu mshonaji wa sokoni, mwokaji wa mikate, fundi wa garaji na muuguzi anayehesabu dawa. Swali ni moja: mfanyakazi mdogo akiona kosa, je, anaweza kusema bila kuogopa kukemewa au kukatwa mshahara? Kama hawezi, atalificha, na mteja ndiye atakayeligundua.

Leo kiwanda cha Nagoya ambamo Sakichi aliishi na familia yake ni jumba la makumbusho. Mashini ya Aina G ipo hapo na bado inafanya kazi. Wageni wanaonyeshwa uzi ukikatwa, na mashini inasimama.