Hazen Pingree, Meya wa Viazi

Tunaposoma habari za wakuu wa Marekani, mara nyingi tunasoma juu ya Marais wao tu, kama Washington na Lincoln. Lakini nchi haiongozwi na Rais peke yake. Maji ya bomba, taa za barabarani, nauli ya kwenda kazini, uwekaji wa mawe barabarani na ununuzi wa madawati ya shule, hayo yote ni mambo ya mji, na husimamiwa na watu wa mji. Hao hawajulikani sana duniani, wala sifa zao hazivuki bahari upesi. Hata hivyo wako waliotenda mambo ambayo hata leo yafaa kukumbukwa. Mmoja wao ni Hazen Pingree, aliyekuwa Meya wa mji wa Detroit tangu mwaka wa 1890 hadi 1897.

Pingree alizaliwa tarehe 30 Agosti, 1840, katika kijiji kiitwacho Denmark, jimbo la Maine, upande wa kaskazini-mashariki ya Marekani. Baba yake alikuwa mkulima, na pia alishona viatu ili kuongeza riziki. Nyumba yao haikuwa na mali. Hazen alipata masomo machache tu, na alipofika umri wa miaka 14 aliacha nyumbani akaenda kutafuta kazi katika kiwanda cha pamba. Baadaye alihamia jimbo la Massachusetts, akajifunza kukata ngozi katika kiwanda cha viatu. Hiyo ndiyo kazi iliyompa chakula, na hiyo ndiyo iliyomtajirisha baadaye.

Mwaka wa 1861 vita vya wenyewe kwa wenyewe vilizuka Marekani, baina ya majimbo ya kaskazini na majimbo ya kusini yaliyotaka kujitenga ili kudumisha utumwa. Mwaka wa 1862 Pingree alijiandikisha katika jeshi la kaskazini. Mwaka wa 1864 alitekwa na adui, akapelekwa katika kambi ya mateka iliyoitwa Andersonville, huko Georgia. Kambi hiyo ilikuwa mahali pa kutisha. Mateka walilala chini kwenye jua na mvua, wakanywa maji machafu, na chakula hakikutosha hata nusu yao. Katika mateka wapatao 45,000 waliopita pale, karibu 13,000 walikufa. Pingree aliiona njaa kwa macho yake na kuisikia tumboni mwake. Baadaye mwaka huo huo alifaulu kuponyoka, akarudi jeshini, akatumika mpaka vita vilipokwisha mwaka wa 1865.

Baada ya vita alikwenda Detroit, mji ulio katika jimbo la Michigan, kando ya mto utenganishao Marekani na Kanada. Siku hizo magari ya motokaa, ambayo yaliupa mji huo sifa baadaye, yalikuwa hayajaanza kutengenezwa. Pingree aliajiriwa na mfanya biashara wa viatu. Mwaka wa 1866 yeye na mwenzake, Charles Smith, waliweka pamoja akiba zao, wakanunua kiwanda kidogo chenye wafanya kazi wachache. Haba na haba hujaza kibaba. Katika miaka 20 kiwanda hicho kilikuwa na wafanya kazi mamia, na viatu vyake viliuzwa katika majimbo mengi. Yule kijana aliyekata ngozi kwa ujira akawa mmoja wa matajiri wa mji, mwenye nyumba kubwa katika mtaa wa wakubwa.

Mwaka wa 1889 matajiri wenzake wa chama cha Republican walikuwa wakimtafuta mtu wa kusimama katika uchaguzi wa Meya. Walimchagua Pingree. Yeye hakuwa mtu wa siasa, na mwanzoni alikataa kwa kuwa kazi aliyoijua ni ya viatu. Yamkini waliomchagua walidhani watapata Meya mwenzao, atakayepunguza matumizi na kuacha mambo mengine yaende kama yalivyokuwa. Pingree alikubali, akaenda mwenyewe mitaa ya wahamiaji waliotoka Ujerumani, Polandi na Ireland, akazungumza nao, akashinda.

Alipoingia ofisini aliyakuta mambo mengi yameharibika. Mji ulikuwa na watu zaidi ya laki mbili, lakini barabara nyingi zilikuwa zimetandikwa vipande vya mbao, navyo vilioza na kudidimia matopeni. Watu waliopewa kazi za ujenzi walikuwa wakilipwa vizuri na kufanya kazi mbovu. Pingree alijua hesabu ya kiwanda, na alijua tofauti ya ngozi nzuri na ngozi mbaya. Alikagua barabara vivyo hivyo. Alidai kazi ifanywe kama ilivyoandikwa katika mkataba, na baada ya miaka michache Detroit ilikuwa na barabara nzuri za matofali na lami.

Jambo lililomtenga na rafiki zake wa zamani lilikuwa ni tramu. Tramu za mji zilikuwa mali ya kampuni ya watu binafsi, na bado zilivutwa na farasi, ingawa miji mingine ilikwisha anza kutumia umeme. Nauli ilikuwa senti 5. Mwaka wa 1891 wafanya kazi wa kampuni hiyo waligoma, na watu wengi wa mji wakawaunga mkono, hata wengine wakang'oa reli. Kampuni ilimtaka Meya aombe askari wa jimbo waje kuvunja mgomo. Pingree alikataa. Alisema kwamba shauri hilo lipelekwe mbele ya waamuzi, na mwisho kampuni ikakubali kupatana na watu wake.

Tangu siku hizo hakurudi nyuma. Alidai nauli iwe senti 3, ili mfanya kazi aweze kwenda kazini na kurudi bila ya kupunguza mkate wa watoto wake. Kampuni ilipokataa, yeye alisaidia kuanzishwa kampuni nyingine ya tramu za umeme, nayo mwaka wa 1895 ikaanza kuchukua abiria kwa nauli ndogo. Alipambana pia na kampuni ya gesi mpaka bei ikashushwa. Kwa habari ya taa za barabarani, aliwaomba raia wapige kura mji ujenge mtambo wake wenyewe wa umeme. Walikubali, na kutoka 1895 mji ulijiwashia taa zake.

Kwa mambo hayo alilipa. Benki moja ambamo alikuwa mkurugenzi ilimwondoa. Matajiri waliokuwa wakimkaribisha nyumbani walimpa kisogo. Magazeti mengi yalimpinga, hata ikawa maneno yake hayaandikwi kama alivyoyasema. Yeye akaweka ubao wa matangazo penye jumba la Halmashauri ya Mji, akawa anabandika habari zake pale ili kila apitaye asome. Hakuwaogopa wakubwa, wala wadogo wenye makosa hawakupona. Mwaka wa 1894 alipata ushahidi kwamba baadhi ya wajumbe wa bodi ya shule walipokea rushwa katika ununuzi wa vifaa vya shule. Aliingia katika mkutano wao, akawataka wajiuzulu. Walipokataa, polisi waliokuwa wakingoja wakawakamata palepale.

Sasa tufikie jambo lililompatia jina la Pingree wa Viazi. Mwaka wa 1893 biashara ilianguka katika Marekani yote. Benki zilifunga milango, viwanda vikasimama. Katika Detroit maelfu ya watu walikosa kazi, na walioumia zaidi walikuwa wahamiaji, ambao hawakuwa na ndugu wa kuwasaidia. Baridi ya huko ni kali mno, na mtu asiye na chakula wala kuni hawezi kuishi. Fedha za mji za kuwasaidia maskini zilipungua sana. Wako waliosema kwamba maskini hao ni wavivu, na kwamba msaada utawazidishia uvivu.

Pingree alitazama akaona mambo mawili. Kwanza, iko mikono mingi isiyo na kazi. Pili, pembezoni mwa mji iko ardhi nyingi iliyokaa bure, kwa kuwa wenyewe wanangoja bei yake ipande. Mwaka wa 1894 aliwaomba wenye ardhi hiyo waiazime kwa maskini wapande viazi, maharagwe na mboga nyinginezo, mpaka wenyewe watakapoihitaji. Iliundwa kamati ya kusimamia kazi, kulima ardhi kwa plau, kuigawa vipande, na kutoa mbegu.

Mambo hayakuwa rahisi. Wenye magazeti walichora picha za kumcheka. Watu wengine walisema kwamba maskini hawatalima, na wakilima wataibiana mazao. Makanisa yaliombwa yachange fedha za mbegu, lakini mchango ulikuwa mdogo mno. Ndipo Meya akamtoa farasi wake mzuri, aliyempenda sana, akamwuza kwa mnada, na fedha akazitia katika mfuko wa mbegu. Hapo wengine nao walianza kutoa.

Watu kama 3,000 waliomba vipande vya ardhi. Mwaka huo wa kwanza zilipatikana eka 430 tu, na jamaa 945 zikapewa. Walichelewa kupanda, na mvua za mwaka huo zilikuwa chache. Lakini wale walioitwa wavivu walikwenda mashambani alfajiri, waume kwa wake pamoja na watoto, wakapalilia. Wakati wa mavuno gharama yote ilikuwa kama dola 3,600, na mazao yalikadiriwa kuwa na thamani ya zaidi ya dola 12,000. Jamaa hizo ziliingia majira ya baridi zikiwa na viazi ghalani, tena walivivuna kwa jasho lao wala si kwa kunyosha mkono. Miaka miwili iliyofuata idadi ya jamaa ilizidi 1,500. Miji mingine, kama New York, Boston na Philadelphia, iliiga mpango huo. Waliocheka wakanyamaza.

Raia walimchagua Pingree mara nne kuwa Meya. Mwaka wa 1896 walimchagua kuwa Gavana wa jimbo zima la Michigan. Alitaka kuushika ugavana bila ya kuuacha umeya, lakini mwaka wa 1897 Mahakama Kuu ya jimbo iliamua kwamba mtu mmoja hawezi kushika vyeo viwili hivyo. Alitii, akauacha umeya. Alipokuwa Gavana alishughulika hasa na kodi. Kampuni za reli zilikuwa na mali nyingi mno, lakini zililipa kodi ndogo kuliko mkulima kwa kadiri ya mali yake. Pingree alitaka reli zikadiriwe thamani kama mali nyingine zote. Sheria ya kwanza ilipitishwa mwaka wa 1899, lakini mahakama iliitangua. Hakukata tamaa. Mwaka wa 1900 raia walipiga kura kubadili katiba ya jimbo, na njia ya kuzitoza reli kodi ya haki ikafunguka.

Si vema kumsifu mtu kana kwamba hakukosea. Pingree alikuwa mkali wa maneno, na hakuwa mvumilivu kwa waliompinga. Tena mwisho wa ugavana wake, baadhi ya maofisa wa jeshi la jimbo walionekana na hatia ya kuiba fedha za umma kwa ujanja katika biashara ya sare za askari. Pingree, aliyewakamata wala rushwa wa bodi ya shule, safari hii aliwasamehe watu wake kwa sharti la kulipa faini. Wengi waliompenda walisikitika, na ni haki kwamba walisikitika. Mtu huweza kuiona mizani sawasawa anapowapima wengine, na mkono ukamtetemeka anapompima rafiki.

Alitoka ofisini Januari 1901, amechoka. Alisafiri ng'ambo apate kupumzika na kuona dunia. Katika safari hiyo aliugua, akafa mjini London tarehe 18 Juni, 1901, akiwa na umri wa miaka 60. Maiti yake ilirudishwa Detroit, na watu wengi walikuja kumwaga. Watu wa kawaida walichanga, na mwaka wa 1904 sanamu yake ikasimamishwa katika bustani ya Grand Circus Park, katikati ya mji. Mwaka wa 1922 mji wa Detroit ulizichukua tramu zote zikawa mali ya umma, kama Pingree alivyotaka miaka mingi kabla.

Basi, wasomaji, tujifunze nini? Pingree hakusoma sana, wala hakuzaliwa katika nyumba ya wakubwa. Alichokuwa nacho ni kumbukumbu. Alipokuwa tajiri hakusahau njaa ya Andersonville, na alipopewa cheo na matajiri hakusahau kwamba cheo ni cha watu wote. Aliye ofisini hujaribiwa kila siku na wale waliomsaidia kuingia. Wengine huwalipa kwa mali ya umma. Pingree aliwalipa maskini kwa farasi wake mwenyewe, kisha akawaachia jembe wafanye yaliyobaki.