Kadhi Shurayh: Aliyemhukumu Khalifa Akapewa Ukadhi

Mwaka huu tunamtazama Shurayh bin al-Harith, mtu wa kabila la Kinda kutoka Yemen. Wanavyuoni wengi wanamhesabu katika Tabiina, yaani waliokutana na Masahaba bila ya kukutana na Mtume (S.A.W.).

Imesimuliwa kuwa Sayyidna Umar bin al-Khattab (r.a.), aliyekuwa Khalifa kuanzia mwaka 13 hadi 23 Hijria (634–644), alichukua farasi kwa bei, na alipojaribiwa akapata kilema. Umar akataka kumrudisha, mwenyewe akakataa. Wakakubaliana Shurayh awaamue. Yeye akaamua kuwa Khalifa amchukue farasi aliyemnunua, au amrudishe mzima kama alivyompokea.

Umar hakukasirika. Alimteua kuwa kadhi wa Kufa, mji wa Iraq ulioanzishwa mwaka 17 Hijria. Basi tuone: hakuteuliwa kwa ukoo, mali wala kujipendekeza. Aliteuliwa kwa hukumu iliyompinga mteuzi mwenyewe.

Kuteuliwa ni jambo moja, na kubakia ni jambo jingine. Baada ya Umar alikuja Uthman, kisha Ali (r.a.), kisha Muawiya na watawala wengine wa Bani Umayya. Zilikuwa zama za fitna, na mtawala aliweza kumuondoa kadhi wakati wowote. Pamoja na hayo, wanahistoria wengi wanataja kuwa ukadhi wake ulidumu kiasi cha miaka 60. Imepokewa pia kuwa Sayyidna Ali alimpangia dirham 500, na kadhi mwenye riziki ya kutosha hatamani cha watu.

Lakini kilichomweka zaidi ni uadilifu. Inasimuliwa kuwa mwanawe alimtaka ushauri juu ya kesi yake na watu fulani. Shurayh akamwambia awalete mahakamani, kisha akamhukumu mwanawe. Mtoto alipolalamika, baba alimweleza kuwa angemjulisha mapema angekwenda kusuluhishana nao na kula sehemu ya haki yao.

Uzeeni, zama za al-Hajjaj, aliomba mwenyewe kupumzishwa, akakubaliwa.

Wanafunzi wetu, miongoni mwenu watatoka makadhi, mahakimu na viongozi wa kuwateua. Mkiteua, msimuogope atakayewahukumu kwa haki. Mkiteuliwa, msihukumu kwa kuogopa kuondolewa.

Tunamuomba Allah (S.W.) atujaalie uadilifu, hata dhidi ya nafsi zetu. Aamin.